Sahani Nyeupe za Shangazi

Bosi hakumkaribisha dereva wake hata kiti. Alimwambia pale pale mlangoni mwa ofisi, funguo za basi zikiwa bado mkononi: leo ndiyo mwisho wa kusimama kwa yule mama wa jibini. Kuanzia wiki ijayo, wageni wakitoka shamba la mizabibu wapelekwe moja kwa moja kiwanda cha mvinyo kule mlimani, ambako kumefunguliwa mgahawa wa vioo.

"Wanalalamika kila safari," bosi alisema. "Wanaandika mtandaoni kwamba jibini hailiki, chumvi tupu. Nimevumilia kwa ajili yako. Ni shangazi yako, basi mwambie wewe."

Kazini walimwita Asali. Alikuwa dereva na mwongozaji kwa mpigo mmoja, na mdomo aliokuwa nao, angekusifia maji ya bomba ukaomba glasi ya pili. Lakini asubuhi hiyo, akiwa na wageni saba kutoka mjini nyuma yake na manyunyu kwenye kioo, mdomo ulimkauka. Shambani, zabibu zilikuwa zimeshavunwa na majani yamebaki machache, yamelowa. Wageni walizungusha mvinyo kwenye glasi, wakanusa, wakauliza maswali. Aliwajibu kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Shangazi ndiye aliyemlea, tangu hajui kufunga kamba za viatu. Tangu mumewe afariki, mama huyu alikuwa na mbuzi kumi na wawili, chumba cha jibini chenye rafu za mbao, na wageni wa Asali mara tatu kwa wiki. Siku za wageni alioga mapema, akafunga kitambaa kipya, akafagia uani mara mbili. Siku nyingine, sijui hata kama alikuwa anapika.

Sasa sikia kosa lenyewe. Shangazi hakupima chumvi kwa kijiko hata siku moja. Alichovya kidole kwenye ndoo ya maji ya chumvi, akalamba, akaamua. Ulimi ukazeeka, chumvi ikapanda, na yeye hakuhisi kitu. Mwaka juzi mgeni mmoja alitema jibini kwenye karatasi, na Shangazi alikuwa anakuja na birika la chai. Asali, haraka haraka, akazoa vilivyobaki vyote mezani akavitia kwenye mfuko wa nailoni. Shangazi akakuta sahani nyeupe, tupu kabisa, akacheka kwa furaha mpaka akashika kiuno. Ungemwona uso wake siku ile, labda nawe ungefanya hivyo hivyo.

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila safari, Shangazi akiingia jikoni kuchemsha chai, Asali alipita na mfuko. Akishawashusha wageni mjini, aliutupa kwenye pipa la nyuma ya gereji. Na Shangazi, maskini, akaanza kukata vipande vikubwa zaidi, akidhani wageni hawashibi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Mbona uso hivyo, hujala? Waingize wageni, mvua hiyo."

Walikaa kwenye meza ndefu. Mkate waliushambulia wote, maana ulikuwa umetoka tanurini sasa hivi. Jibini wakaionja kidogo, wakaangaliana, wakasukuma sahani katikati. Asali akafanya kazi yake ya mfuko kama kawaida. Hata leo alishindwa kuacha. Wageni walipokunywa chai na kurudi kwenye basi, alimfuata Shangazi jikoni.

"Shangazi, kuna jambo. Ofisi imebadilisha njia. Wiki ijayo hatutapita tena hapa."

"Wiki ijayo tu?"

"Hapana, ni moja kwa moja."

Shangazi aliweka sahani chini, taratibu. "Kwa nini? Nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu. Ni mambo ya ofisi tu."

"Hapana. Haiwezekani!" Sauti ilimpanda. "Miaka miwili hii, kuna sahani imerudi na hata punje? Kesho naenda huko ofisini. Nimwambie bosi wako ana kwa ana, wageni wanalamba sahani! Nao wanakuja kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mvinyo wao mchungu ule."

Alikuwa tayari anavua aproni, kana kwamba kesho imefika. Asali akamwona mbele ya meza ya bosi, amevaa kitambaa chake kipya, anajisifu. Moyo ukamshinda. Akatoka mpaka kwenye basi, akarudi na mfuko, akauweka mezani wazi.

Shangazi alichungulia. Akatoa kipande kimoja, akakigeuza. Kilikuwa na alama ya meno upande mmoja.

"Hii ni ya leo?"

"Ya leo."

"Na juzi?"

"Kila siku, Shangazi. Tangu mwaka juzi. Chumvi imezidi. Sikutaka uumie."

Alikaa kwenye kiti cha kukamulia. Hakulia. Afadhali angelia.

"Chumvi," alisema. "Chumvi tu, basi?"

"Chumvi tu."

"Sasa chumvi si ningepunguza, baba? Jamani! Ungeniambia siku ile ile ya kwanza, kesho yake ningepunguza. Leo ungekuwa umeshasahau."

Aibu ilimjaa Asali mpaka machoni. Akatafuta kitu cha kweli cha kumpa, akakipata: "Lakini mkate wako, Shangazi, wanaupenda. Haki ya Mungu. Mkate hawajawahi kubakiza hata siku moja."

Shangazi alimtazama usoni muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya. Kisha akainuka, akatoka bila kujifunika mvua, akagonga kioo cha basi. Mama mmoja mwenye koti la njano akakifungua.

"Samahani, mgeni wangu. Mkate ulikuwaje?"

"Mtamu sana, mama!" Na alisema kweli, maana alikula vipande vinne. "Sijapata kula mkate kama ule."

"Na jibini?"

"Nayo tamu sana, mama," alijibu yule mama, kwa tabasamu lile lile la kusifia mkate.

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Akawatakia safari njema wote, akapita mbele ya Asali bila kumtazama, akaingia ndani na kuufunga mlango.