Maziwa Aliyoyaita Tui

Sada binti Msabaha hakuwa mzoefu wa uongo, na ndiyo maana ule mmoja ulimponza. Waongo wa siku zote hukumbuka walichosema jana. Yeye alisema neno moja la haraka jikoni kwake, pale Mlingotini, akalisahau kabla chai haijachemka.

Lakini tusimhukumu kabla ya kumsikiliza. Sada na mumewe Rehani walikaa miaka kumi na miwili katika ndoa bila mtoto. Hospitali walizunguka, dawa za kunywa na za kujifukiza walizimaliza, na kila shangazi aliyekuja na kikombe cha mizizi, Sada alikipokea kwa mikono miwili akakinywa. Mwisho Rehani, fundi wa kuchomelea mageti, mtu asiye na maneno mengi, alisema, "Mke wangu, tuombe mtoto wa kulea." Wakaenda kwa afisa ustawi wa jamii, wakajaza fomu, wakahojiwa, nyumba ikakaguliwa mpaka choo. Baada ya mwaka mzima wakaonyeshwa mtoto katika nyumba moja ya kulelea watoto huko Kerege. Jina lake Najim, wa miezi miwili, kichwa kikubwa, macho ya kudadisi. Mama yake alifariki akimzaa, na ndugu hakuna aliyejitokeza. Wakaambiwa wasubiri kibali kama miezi miwili hivi, ndipo wamchukue.

Sada alirudi nyumbani akiwa hajijui kwa furaha. Aliyemrudisha duniani ni mama mkwe wake, Bi Mwanajuma, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwao.

"Kulea ni thawabu, silikatai hilo," alisema Bi Mwanajuma. "Lakini huyo ni mtoto wa kiume na si maharimu yako. Siku akibalehe itabidi ujitande ushungi ndani ya nyumba yako mwenyewe, na kumkumbatia marufuku. Sasa mama gani huyo anayejifunika mbele ya mwanawe?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Sada alijua ni kweli. Alijua pia, kama wanavyojua wote waliokaa darsani, kwamba mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano, akashiba kila mara, kabla hajatimiza miaka miwili, anakuwa mtoto wake wa kunyonya, maharimu yake mpaka kufa. Lakini maziwa atayatoa wapi mwanamke ambaye hajapata kubeba hata mimba?

Swali hilo alilipeleka kwa Samia, muuguzi wa zahanati moja mjini Bagamoyo, akiwa tayari kuchekwa. Samia hakucheka.

"Inawezekana," alisema. "Titi likinyonywa au likikamuliwa kila mara, linaweza kutoa maziwa hata kama hujazaa. Si kwa kila mtu, dada, na mara nyingi hayawi mengi. Lakini inawezekana."

Daktari akampima, akamwandikia vidonge. Samia akamwonyesha pampu ya mkono, kidude cha plastiki chenye mpini wa kubana na kuachia. Dakika kumi na tano kila titi, kila baada ya saa tatu. "Siku za mwanzo utakamua hewa," alimwambia. "Kamua hiyo hiyo hewa."

Basi Sada akakamua hewa. Kazi yake ni kulima mwani, na mwani haungoji mtu: maji yakitoka unaingia kufunga miche kwenye kamba, yakirudi unatoka. Pampu akaifunga kwenye mfuko safi, akaizamisha ndani ya ndoo chini ya kamba. Saa zikitimia anawaaga wenzake kwamba tumbo linamsumbua, anakimbilia nyuma ya kibanda cha kukaushia.

"Hilo tumbo lako lina saa ya mkononi?" Ashatu, jirani yake wa shambani, alimtania. "Saa tatu kamili, tumbo. Saa sita kamili, tumbo."

Sada alicheka na wenzake, akarudi kwenye kamba zake huku matiti yanawaka moto.

Siku kumi zikapita, hakuna kitu. Kumi na tano, hakuna. Siku ya kumi na tisa, baada ya sala ya alfajiri, pakatokea tone. Moja tu, la manjano manjano, likakaa kwenye plastiki bila kudondoka. Sada akalipeleka kwa Rehani kama mtu aliyebeba yai. Rehani akaliangalia kwa muda mrefu.

"Ndiyo yenyewe haya?"

"Ndiyo yenyewe."

Rehani akatoka nje akisingizia kuwapa kuku maji, akafutia machozi huko huko.

Tone likawa kijiko, kijiko kikawa kikombe cha kahawa kwa siku. Akayaweka kwenye vikopo vidogo vyenye vifuniko, akavigandisha kwenye friji. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Najim amezoea chupa, huenda akalikataa titi. Akilikataa, atamnywesha haya, akae naye mpaka alizoee. Vikopo vilipofika sita alikuwa akifungua friji kuviangalia tu, bila sababu.

Bi Mwanajuma hakuambiwa. Sada aliona kushindwa kuzaa kunamtosha. Hakutaka ashindwe na hili pia huku mama mkwe akihesabu. Kwa hiyo siku bibi huyo alipokuja kuomba barafu, akafungua friji mwenyewe na kuuliza, "Vikopo gani hivi?" Sada, akiwa amempa mgongo, uso kwenye jiko, alijibu:

"Tui, mama."

Huo ndio uongo wenyewe. Na mtu wa pwani ukimwambia una tui kwenye friji, umempa habari ya kuweka akilini.

Ijumaa iliyofuata zilikuwa zimebaki siku nane Najim aletwe. Sada alikuwa baharini. Bi Mwanajuma alipata samaki changu wazuri, akaona leo ampikie mwanawe mchuzi wa nazi, na kwa kuwa jiko la Sada lina gesi akaenda kupikia kule. Nazi aliyoibeba, alipoivunja, ilikuwa imeoza. Akakumbuka. Akavitoa vikopo vyote sita, akaviweka juani viyeyuke, na mchuzi ulipokaribia kuiva akaumiminia.

Sada aliporudi na ndoo yake kichwani, Rehani ameshatoka msikitini, yuko mkekani anakula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ule."

"Mchuzi wa leo mtamu," alisema Rehani, akimega tonge jingine.

"Tui la mkeo hilo," alisema Bi Mwanajuma. "Jepesi kidogo, lakini lina utamu wake."

Sada aligeuka akatazama kwenye kichanja cha vyombo. Vikopo sita, vimeoshwa, vimefudikizwa, vinametameta. Akakaa pale pale chini, na ndoo ikamwagika.

"Si tui," alisema. "Ni maziwa yangu. Nilimkamulia Najim."

Tonge la Rehani liliishia njiani. Sada akaeleza yote huku analia: pampu, vidonge, siku kumi na tisa za hewa. Lakini Bi Mwanajuma, nawaambieni, hakuyasikia hayo. Alichosikia ni kwamba mwanawe amekula maziwa ya mke wake, na yeye ndiye aliyempakulia. Kichwani mwake Rehani sasa alikuwa mtoto wa Sada wa kunyonya, na ndoa ya zaidi ya miaka kumi na miwili ilikuwa imevunjika kwa sahani ya wali. Akavuta kanga yake, akatoka mbio bila viatu kwenda kwa Ustadh Bilali, nyuma ya msikiti.

Mchana ule Sada alijaribu kukamua. Halikutoka hata tone. Akajaribu tena baada ya saa moja, ikatoka ile hewa ya siku ya kwanza. Akalia kwa sauti, hakujali nani anasikia. Aliona wazi mtoto ataletwa, atamlea, atampenda, na siku moja atajitanda ushungi mbele yake.

Rehani alikaa karibu naye, hajui aweke wapi mikono. "Hayakutoka kwenye friji yale," alisema mwishowe. "Yalitoka kwako."

Bi Mwanajuma alirudi karibu na alasiri, vumbi mpaka magotini. Akakaa mkekani, akahema.

"Ustadh kacheka mpaka kofia imemdondoka," alisema. "Anasema mtu mzima hata akinywa ndoo nzima, ndoa yake iko pale pale. Mwenye hukumu ni mtoto mchanga tu. Kisha akaniuliza, maziwa yenyewe ya nani? Nikamwambia ya mkwe wangu, na hajazaa. Nilijua atasema hayana maana." Akajipangusa vumbi magotini. "Akasema aliyezaa na asiyezaa, maziwa ni maziwa. Mara tano, mtoto ashibe mwenyewe na aachie mwenyewe. Basi huyo ni mwanao."

Akamgeukia mkwewe.

"Kwa nini hukuniambia, Sada?"

"Niliogopa utanicheka, mama."

"Ningekucheka," alikiri Bi Mwanajuma. "Siku mbili hivi. Halafu ningekupikia uji."

Asubuhi yake aliingia na chupa ya chai mkononi. Ndani mlikuwa na uji wa pilipili manga, ule anaopikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Sada aliujua kwa harufu. Amewapelekea wenzake uji huo nyumba ngapi, na yeye hajawahi kuuonja kama mzazi.

"Mama, huu ni wa mzazi."

"Kunywa, mzazi," alisema Bi Mwanajuma, akammiminia.

Sada akanywa na machozi yake humo humo. Kuanzia siku hiyo bibi akawa ndiye saa. Anamkanda kwa kitambaa cha maji moto, anamfukuza jikoni, anamwita atoke shambani. "Anakamua maziwa ya mwanawe," aliwatangazia wanawake wa mwani, "anayetaka kucheka acheke sasa tumalize." Aliyecheka hakuwepo. Ashatu alichukua kamba za Sada akamfungia miche yake bila kuombwa. Siku ya tatu maziwa yakarudi. Siku ya saba yakajaza kikombe cha chai.

Najim akaletwa Jumamosi, na kama Sada alivyohofia, titi alilitazama kama kitu cha watu wengine. Akalia mpaka sauti ikamkauka. Sada akamdondoshea maziwa kwa kijiko juu ya chuchu, kama alivyofundishwa na Samia, akajaribu tena, na tena, chupa ya maziwa ya kopo ikisubiri pembeni. Jumatatu mtoto akashika. Akanyonya kidogo, akaachia akilia njaa, akamaliziwa kwa chupa.

"Hiyo haihesabiki," alisema Bi Mwanajuma, aliyejiteua kuwa shahidi na alikuwa mkali kuliko kadhi. "Hajashiba."

Jumatano asubuhi, maziwa yakiwa mengi, yamekusanyika usiku kucha, Najim alinyonya mpaka akaachia mwenyewe na kusinzia. Bi Mwanajuma akachukua pindo la kanga yake, akapiga fundo moja. Maziwa yalitosha shibe moja tu kwa siku, kila asubuhi. Zilizobaki zilikuwa za chupa. Alhamisi, la pili. Ijumaa hakutosheka, na bibi hakupiga fundo, ingawa Sada alimwomba kwa macho. Jumamosi, la tatu. Jumapili, la nne.

Jumatatu Sada alikuwa ametoka kusali, ushungi bado kichwani, Najim alipoanza kudai. Akakaa mkekani, akampakata. Rehani alisimama mlangoni na miwani yake ya kuchomelea mkononi, kazini haendi. Najim akanyonya na kumeza, na chumba kizima kilikuwa kinasikiliza anavyomeza. Akatua. Akaanza tena, taratibu, kisha akaachia, maziwa yakimchuruzika kidevuni. Bi Mwanajuma akasogea, akamrudishia chuchu midomoni kumjaribu. Najim akageuza uso.

Bi Mwanajuma akapiga fundo la tano, akalikaza kwa meno. Kisha akanyoosha mkono, akauvua ushungi kichwani kwa Sada, akaukunja, akauweka kando.

"Unajifunika nini?" alisema. "Huyu ni mwanao."

Sada akashika kichwa chake kwa mkono mmoja, analia na kucheka. "Hata sijasuka, mama."

"Atakuzoea hivyo hivyo," alisema Bi Mwanajuma, akaenda kuteleka uji.