Wimbo wa Kisima Sokoni

Aweys Dekow aliingia soko jipya la mifugo, nje kidogo ya Galbet, Garissa, akiwa na ng'ombe wa watu kabla jua halijakolea. Akawaelekeza moja kwa moja kwenye hodhi la maji. Ndivyo afanyavyo kila mswagaji: mnyama anywe kwanza, dalali aitwe baadaye. Ng'ombe mwenye kiu hubonyea ubavu, na mnunuzi akiuona ubavu ule hukunja uso kana kwamba amefiwa, kisha hutaja bei ya mbuzi.

Hodhi lilikuwa la saruji mbichi, refu, limejaa maji hadi ukingoni. Mbele yake ulikuwa umefungwa utepe mwekundu, na mbele ya utepe alisimama askari mmoja wa sokoni aitwaye Mulwa, na rungu lake.

"Mzee, rudisha hizo ng'ombe," Mulwa alisema. "Hii maji haijafunguliwa."

"Haijafunguliwa namna gani? Mimi naona hii hapa, imejaa."

"Mpaka mgeni rasmi akuje akate utepe. Ametoka Nairobi asubuhi. Wanyama wote wakae kwa zizi."

"Na ile hodhi ya zamani?"

"Bomba ilihamishwa. Hiyo imekauka." Mulwa akashusha sauti. "Si mimi, mzee. Ni kamati ya sherehe."

Ng'ombe wale walikuwa wametoka Habaswein kwa miguu, na kisima cha mwisho walikiacha juzi. Maji ya mkokoteni wa punda nayo yalikuwa yamepanda bei tena. Mswagaji hawezi kumnunulia hata ndama. Wakishinda hivyo hadi adhuhuri wengine wangelala chini, na ng'ombe aliyelala sokoni ni nyama ya bure. Wenye mali walioko Griftu hawatauliza habari za utepe. Watauliza ng'ombe wao wako wapi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu mgeni alikuwa bado yuko barabarani, na mwenyeji ameanza kukaukiwa ulimi.

Aweys akawarudisha. Jelle, mswagaji mwenzake, akawafungia zizini kwa kupitisha miti miwili mlangoni. Mazizi yote ya upande ule yalikuwa yamejaa: ng'ombe wa Wajir, ng'ombe wa mpakani, wote wakilia kwa sauti moja nzito. Upande wa pili wa soko kulikuwa na hema jeupe, viti vilivyovishwa vitambaa, na katoni za maji ya chupa zimepangwa kivulini. Hizo hakuna aliyezifungia utepe.

"Walaal, ndugu yangu, mbona uso umekunjamana?" Rukiyo, muuza chai, alimwuliza akimpa kikombe. "Leo si ndiyo siku yako ya kushika maikrofoni?"

Ilikuwa siku yake, kweli. Njia nzima kutoka Wajir ilimjua Aweys kwa nyimbo zake. Alizitunga akitembea nyuma ya ng'ombe, mstari mmoja asubuhi, mwingine jioni, akiutafuna mpaka ulainike. Ushairi wa Kisomali hauendi bila herufi moja inayojirudia ya kuongoza kila mstari, kama kundi lisivyoenda bila ng'ombe wa kengele, na Aweys aliweza kutembea siku nzima bila kusema na mtu, akilisaka neno moja lililopotea. Wenzake walimrekodi kwa simu, na sauti yake ikafika mahali ambapo miguu yake haijafika.

Nyimbo zake zilihusu waswagaji. Sokoni ng'ombe huitwa kwa jina la mwenye mali. Aliyemtoa jangwani hana jina. Basi Aweys aliwaimba: baba yake aliyechimba mchanga kwa mikono mwaka wa ukame mkubwa, Hirsi aliyezikwa kando ya njia ya Modogashe, Bishara aliyewafuata waswagaji na kibuyu cha maziwa mgongoni mpaka mtoni Tana. Kamati ilipomwomba aimbe kwenye ufunguzi, alifurahi sana. Alijiambia kwamba kwa mara ya kwanza majina yale yatatajwa mjini, kwenye vipaza sauti.

Keynan wa kamati alikuja mbio, kijana wa mjini, suti ya buluu, viatu vimeshikwa na vumbi la samadi.

"Adeer Aweys! Mzee wangu, nakutafuta. Sikiliza, ile programu imebadilika kidogo. Huo wimbo wa watu waliokufa tumeutoa. Ni mrefu, na leo ni siku ya furaha, sawa? Tuimbie ule wa kunywesha mifugo kisimani. Ule ndio utamaduni. Wageni wanaupenda, wanapiga video."

"Wimbo wa kisima?" Aweys aliweka kikombe chini. "Na maji je?"

"Maji yatafunguliwa mgeni akifika."

"Basi nitaimba akifika."

"Aah, adeer, mgeni amekwama Mwingi, watu wanachoka. Imba sasa uwachangamshe."

Aweys alimtazama kijana yule kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni akivua viatu kwenye miba. Hata mtoto wa zizini anajua: wimbo wa kisima hauimbwi pasipo maji. Ule wimbo ni ahadi. Ng'ombe akiusikia anajua ndoo imejaa, na ukimdanganya siku moja, kesho utaita mpaka koo likauke, asikufuate.

"Keynan, mwanangu, nakwambia mbele ya Rukiyo awe shahidi. Nikiimba ule, wale watakuja."

Keynan alicheka mpaka akashika kiuno. "Adeer, hao ni ng'ombe. Hawana simu wala hawajui programu. Wewe imba, mengine niachie mimi."

"Umesema nikuachie wewe?"

"Wallahi, niachie."

"Haye, sawa," alisema Aweys.

Njiani kuelekea hemani alipita zizini. Yule ng'ombe mwekundu wa mbele, aliyeongoza kundi tangu Habaswein, alikuwa amepiga magoti. Jelle alikuwa akimvuta mkia ili asimame, na machozi yanamlengalenga. Hapo moyo wa Aweys ukamkaa sawa. Hasira haikuwa kubwa tena; ilikuwa imegeuka uamuzi.

"Jelle, ukinisikia, angalia miti ya mlango. Huwa inateleza."

"Inateleza?" Jelle alishangaa, kisha akaelewa. "Ee, hii miti mibaya sana."

Aweys alipanda jukwaani, akaishika maikrofoni kwa mikono miwili kama anayeshika kamba ya ndoo. Akafumba macho, akatoa kwa Kisomali ile sauti ndefu ya kisimani, ambayo kila kundi kati ya Griftu na Garissa limeisikia tangu likiwa ndama:

*Hobe, hobeey, njoo mwekundu, njoo mweupe,*
*maji yapo, kiu ikomee hapa.*
*Baba yangu aliyatoa mchangani kwa kucha;*
*nani tena ameyafunga kwa uzi?*

Vipaza sauti vikaichukua sauti ile vikaimwaga soko zima. Mazizini pakawa kimya. Ng'ombe waliacha kulia, masikio yakasimama. Kisha yule mwekundu, aliyekuwa amepiga magoti, akainuka.

Kisimani haimbi mtu mmoja. Mmoja huanza, na walio kwenye mnyororo wa ndoo huitikia. Waswagaji waliokuwa wamejiegemeza kwenye nguzo wakajikuta wameitikia, *hobe, hobeey*, kwanza wachache, kisha wote, na kila aliyeitikia aligundua kwamba miti ya mlango wake nayo inateleza.

Walitoka bila kukimbia. Walitoka kwa mwendo ule ule wa kwenda kisimani, mwekundu mbele, wengine nyuma, bega kwa bega, vumbi likipanda. Keynan aliruka jukwaani. "Adeer, wacha! Zima hiyo! Mulwa, wazuie!"

Mulwa alilitazama rungu lake. Akawatazama ng'ombe waliojaa upana wote wa soko. Mwenye macho haambiwi tazama, akasogea pembeni. Mwekundu akaupita utepe kwa kifua, hata hakujua kwamba ameufungua mradi, akazamisha pua majini.

Aweys hakunyamaza. Kwa kuwa maji yapo na wanyama wanakunywa, wimbo ulikuwa na haki ya kuendelea, na yeye alikuwa na mengi ya kusema. Akauingiza ule wimbo uliotolewa kwenye programu:

*Mwenye mali alikuja kwa gari,*
*aliyeswaga alikuja kwa nyayo.*
*Hirsi yuko njiani, Bishara yuko njiani;*
*nyama mnayokula mjini inawajua kwa majina.*

Wazee wa soko wakaondoa kofia wakajifuta macho. Rukiyo akapiga kigelegele mpaka kikombe kikamdondoka. Mbavu za ng'ombe zilikuwa zikijaa mbele ya watu wote, na madalali, watu wasiojua kulia, walikuwa tayari wanashikana mikono chini ya vitambaa na kubishana bei kwa vidole. Bei za ng'ombe, si za mbuzi.

Ndipo msafara wa magari ukaingia. Mgeni rasmi alishuka, akakabidhiwa mkasi juu ya kisahani, akatafuta cha kukata. Utepe ulikuwa matopeni chini ya kwato. Watu walikuwa wangali wanaimba.

"Wanasema nini?" mgeni aliuliza.

Keynan alijifuta jasho, akapokea maikrofoni ya pili ili wote wasikie. "Mheshimiwa, hii ni maonyesho maalumu, kamati yetu iliipanga. Wanakushukuru wewe kwa kuwaletea maji."

Aweys alisikia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kutaja bei na kuomba njia, na hakuwahi kukitungia wimbo maishani. Lakini aliona kwamba akiimba Kisomali, mwenye kutafsiri ni Keynan, na mpaka jioni maji haya yatakuwa yameletwa na mkasi. Akavuta pumzi. Akayatafuta maneno machache aliyokuwa nayo, akayapanga kwa sauti ile ile ya kisimani, taratibu, ili asikosee na mtu asikosee kumsikia:

*Hobe, hobeey, ng'ombe imekunywa,*
*makasi ilikuwa bado njiani!*

Kicheko kilipasuka kutoka hemani hadi mazizini. Mgeni alibaki na kisahani mkononi, hajui acheke au akirudishe. Kisha waswagaji wakaudaka mstari ule kwa Kiswahili chao kibovu, Rukiyo akaudaka, madalali wakaudaka, *makasi ilikuwa bado njiani*, na Mulwa naye, rungu kwapani, akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.