Mteja wa Kuazima

Kianda nzima, hapa Kibera, hakuna mtu aliyehojiwa na watafiti kama Apiyo, na hakuna mtafiti aliyewahi kumshika uwongo. Hivyo ndivyo alivyozoea kujigamba. Akishamaliza kujigamba huongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yule msichana wa utafiti wa vyoo alimshika, lakini huyo hahesabiki, kwa sababu alikuwa binti ya Seline wa kanisani na alijua fika kwamba Apiyo ana televisheni.

Maana kazi yenyewe si ngumu. Ukisikia hodi na mtu anasema ametoka chuo, unaitupia televisheni leso, unakaa kwenye stuli iliyovunjika mguu, unaanza kupumua kama mtu aliyekosa chai tangu jana. Mtafiti anaandika, anatikisa kichwa, anakuachia sabuni. Kibera waulizaji ni wengi kuliko wajibuji, na mjibuji mzuri hakosi sabuni.

Shida ni pale mtafiti anapolelewa ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Mjukuu wake, Mitchelle, alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea utawala wa umma na huduma za jamii. Apiyo alijaribu kuwaeleza akina mama wa kanisa hiyo ni kozi gani, akaishia kusema ni miaka mingi ya kujifunza kuuliza watu habari zao. Tangu mtoto aanze kusoma, majirani walikuwa wadau, choo kikawa miundombinu, na siku alipoambiwa aoshe vyombo alijibu kwamba majukumu ya nyumbani yanafaa kujadiliwa kwa njia shirikishi. Vyombo vikajadiliwa mpaka nzi nao wakahudhuria kikao.

Sasa siku moja akaja uso umemshuka. Kwa mazoezi yake ya nyanjani alikuwa amepangiwa mtaa wa Kawangware 46, akapewa mteja mmoja wa kumtembelea na kumsaidia: bibi fulani muuza mboga, anayelea wajukuu, jina lake Risper. Mwishoni mhadhiri angekuja kumwona huyo bibi kwa macho yake. Bila hiyo ziara, mazoezi hayahesabiki. Na bila mazoezi, hakuna mahafali mwaka huu. Na Apiyo alikuwa ameshashona kitenge cha mahafali.

Lakini Risper alisikia mvua imenyesha kwao Siaya, akafunga virago akaenda kupanda mahindi. Hakuaga mtu. Na Mitchelle, badala ya kusema ukweli chuoni, akaendelea kuandika jinsi mteja wake anavyoendelea vizuri.

"Mwalimu anakuja kesho," alisema. "Dani, wewe hizi mambo unazijua. Kaa tu hapo uwe Risper."

Apiyo alimtazama mjukuu aliyemwita dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, tangu ajue kusema. Mtoto mzima anasomea kuhudumia taifa, kapewa nyanya mmoja tu amwangalie, kampoteza. Alimsema mpaka chai ikapoa. Kisha akakikumbuka kile kitenge.

"Unataka Risper wa kulia ama wa kuvumilia?"

"Wa kuvumilia, Dani. Nimeandika umeimarika."

Kesho yake Wacera, mwenye ploti alikopanga Risper, aliwafungulia chumba cha Risper. Alisema yeye hajui lolote na hataki kujua, kisha akasimama mlangoni asije akapitwa. Chumba kilikuwa kitupu kama kinywa cha mtoto mchanga. Hapo ndipo hasira za Apiyo zilipozidi: maisha yake yote amekuwa akificha vitu wageni wasione, na leo amebeba sufuria na godoro kutoka Kianda mpaka Kawangware ili mgeni apate cha kuona. Na njia nzima Mitchelle alikuwa anamkaririsha kama mtoto wa chekechea: jina ni Risper, kwenu ni Siaya, wajukuu wote wako shule ya msingi. Hakuna wa chuo. Hapo hasa, Dani, usikosee.

Mhadhiri, Daktari Gachanja, alifika na viatu vyake vizuri vimeshaliwa na matope. Apiyo kusikia ni daktari, akamwonyesha goti. Mgeni akaeleza kwa adabu kwamba yeye ni daktari wa utawala. Apiyo akauliza huo utawala umeugua lini na mbona haujapona. Mitchelle akakohoa.

Gachanja alikuwa amefurahi. Alisema amesoma mengi kuhusu mama huyu: kwamba mwanzoni hakushaurika, kwamba anapenda kuamrisha, kwamba huficha televisheni wageni wakija, na kwamba humwaga maji machafu mlangoni pa jirani akidhani haonekani.

Masikio ya Apiyo yakapata moto. Risper hakuwa na televisheni. Na yale maji yalikuwa ya Apiyo mwenyewe. Alimgeukia Mitchelle, akamkuta anakagua mabati ya paa.

"Na sasa umebadilika, mama?" aliuliza Gachanja.

"Sana," alisema Apiyo. "Huyu msichana ana bidii. Ya nyumbani kwangu anayajua kama anayelala humo."

Gachanja akacheka, akamwambia Mitchelle kazi ni nzuri na amepita. Akainuka. Ingeishia hapo. Lakini Apiyo, tangu aolewe, mgeni hajawahi kutoka mbele yake bila maombi, na alikuwa ameshasimama, macho yamefungwa. Mitchelle alijaribu kusema mwalimu ana haraka. Mwalimu, mtoto wa mzee wa kanisa, alikuwa ameshavua kofia.

Mitchelle alimfundisha nyanyake namna ya kumdanganya mhadhiri. Hakukumbuka kumfundisha namna ya kumdanganya Mungu. Apiyo alishukuru kwa siku, akaviombea viatu vya mgeni, akamwombea Wacera apunguziwe umbea. Kisha ulimi ukafuata njia yake ya kila asubuhi.

"Na Baba, mkumbuke mjukuu wangu Mitchelle uliyenipa nimlee pale Kianda. Amalize hiki chuo, nami nivae kitenge changu."

Wacera akasogea hatua moja ndani.

Apiyo aliyasikia maneno yake kana kwamba yametoka redio ya jirani. Akajua jambo moja: kabla ya amina hakuna Mkristo atakayemkatiza. Kwa hivyo akaendelea. Aliombea kaunti. Aliombea waliolazwa hospitalini na wanaowauguza. Aliombea barabara zote za Kawangware, kisha mvua, kisha mahindi ya Risper huko Siaya, akajiuma ulimi kwa kuchelewa.

Alifungua jicho moja. Gachanja alikuwa anamtazama kwa yote mawili.

"Sema tu amina," alisema polepole, "nyanya ya Mitchelle."