Lori Halitoki

Mwaka wa mafuriko, sitini na moja, Kanze Kaingu alikuwa kaimu msimamizi wa shughuli katika chama kimoja cha hisani chenye ofisi yake mtaa wa Ndia Kuu. Mzungu aliyekuwa akiishika kazi hiyo alirudi kwao ghafla, na kamati ikamwachia Kanze ghala, lori na wafanyakazi mpaka apatikane "mtu wa kufaa". Alijua maana ya maneno hayo. Alianza pale kwa kupiga taipu, na kila alipopanda cheo hakukosekana wa kuuliza iwapo wanaume wamekwisha.

Asubuhi moja lori lilikuwa tayari kwenye ua wa ghala, karibu na Makadara, limejaa unga, maharagwe na mablanketi ya watu waliohamishwa na maji huko mbele ya Malindi. Dereva wake, Masha, macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Alikuwa amerudi alfajiri kutoka safari kama hiyo, na kabla ya hiyo alikuwa na nyingine.

"Kaka Masha, umelala lini?" Kanze aliuliza.

"Nitalala watu wakishakula."

Aliinua mguu apande, akakanyaga hewa. Nusura aanguke. Kanze akapitisha mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

Masha alimsogelea, akanong'ona ili wapakizi wasisikie. "Ni mimi niliyekuleta kwenye kazi hii, Kanze. Leo wanifedhehesha mbele za watu?"

Kabla hajajibu, mwenyekiti wa kamati aliingia, Mzee Abdulhalim, kanzu yake imerukiwa na matope.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona lori lingali hapa?"

"Dereva amechoka mno. Hawezi safari."

"Amesema yeye?"

"Mimi naweza," Masha alisema.

"Basi, mtu mzima amesema aweza. Mpe ufunguo."

"Hapana, Mzee."

Wapakizi waligeuka, wakatazama.

"Kule kuna watoto wana njaa, Bi Kanze. Njaa haimngoji mtu alale."

"Najua. Lakini barabara ni utelezi mtupu, na juu ya magunia watakaa vijana wetu. Akisinzia, unga hautafika na wao hawatarudi."

"Na nikikuamuru?"

"Niondoe kazini kwanza, kisha uamuru. Maadamu msimamizi ni mimi, halitoki na dereva huyu."

Akautia ufunguo mfukoni. Mzee Abdulhalim aligeuka kuelekea langoni.

"Tafuta dereva mwingine. Ikiadhiniwa adhuhuri lori lingali hapa, usikanyage tena Ndia Kuu."

Kanze alishika njia ya Liwatoni, kunakoshushwa samaki, nusu akitembea, nusu akikimbia. Alimjua dereva mmoja huko, Ogutu, aliyekuwa akimwendeshea lori mchuuzi wa samaki aitwaye Kamaludin. Ogutu alikubali papo hapo. Kamaludin alikataa.

"Na samaki wangu? Barafu yayeyuka hii!"

"Wapakizi wangu watakusukumia samaki kwa mikokoteni hadi sokoni sasa hivi. Na kesho, Masha akishalala, atakuendeshea yeye."

Kamaludin alitazama masanduku yake, akatazama jua. "Haya, chukua. Lakini hao wa mikokoteni wasichelewe."

Muadhini alikuwa akianza wakati Ogutu alipolitoa lori langoni.

Halikufika siku ile. Maji ya Kilifi yalichafuka alasiri, kivuko kikasimamishwa, na lori likalala upande wa huku. Magari ya asubuhi yalikuwa yamekwisha vuka. Chakula kilifika kesho yake, na Ogutu akapiga simu kutoka Malindi: kimegawiwa, lakini usiku uliotangulia, chakula hakijafika, kwenye kambi ya waliohamishwa wamefariki bibi mmoja na mjukuu wake mchanga.

Mzee Abdulhalim alikuwa amesimama karibu na meza simu ilipowekwa chini.

"Lingetoka asubuhi, lingevuka," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Lingevuka."

"Utaweza kuishi na hilo?"

"Sijui," Kanze alisema, na hakulia mpaka Mzee alipotoka.

Kamati ilipokutana, wengine walitaka aondolewe. Mwanakhamis, mwanamke pekee mle, aliuliza ni nani kati yao angempandisha mwanawe kwenye lori lile. Kura zikapigwa kwa kuinua mikono. Kanze alithibitishwa kazini. Mzee Abdulhalim hakuinua mkono, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

Jambo la kwanza aliloomba Kanze lilikuwa dereva wa pili, na Ogutu akaajiriwa. Masha hakurudi; siku aliyokwenda kwa Kamaludin alibaki huko huko. Kanze alimfuata Liwatoni kumwomba arejee.

"Hujambo, Kaka Masha?"

"Sijambo," alijibu, akapanda lori la samaki, akafunga mlango.

Kanze alisimama mpaka lori likapotea. Kisha akarudi ghalani. Mvua ilikuwa imeanza tena, na kulikuwa na magunia ya kuingiza ndani.