Godoro la Rambirambi

Jumatano ya Majivu Juliana alianguka juu ya meza ya kukatia nyuzi za mkonge kiwandani, msalaba wa majivu ungali kwenye paji la uso, umefunikwa na vumbi la nyuzi. Kipande cha kanga alichojifunga puani kilikuwa na damu. Jumamosi wakamzika kwao Mgeta, mlimani.

Jumapili Oscar, msimamizi wa kiwanda hicho cha magodoro, akapanda mlima. Nyuma yake wabebaji wawili, godoro jipya vichwani.

"Shikamoo, mzee Yeremia."

"Marahaba."

"Kampuni inakupa pole. Godoro la mpira hili. Halibonyei hata likilaliwa na tembo."

Wabebaji wakalitua mlangoni.

"Daktari alisema mke wangu kauawa na vumbi," Yeremia akasema. "Na tangu Alhamisi mdogo wake ndiye mmemkalisha meza ileile. Mmempa barakoa?"

"Barakoa ya nini? Kilichomuua ni moshi wa kuni zenu za huku mlimani. Kutia nyuzi za mkonge tuliacha zamani, mzee. Siku hizi mpira tunautia unga wa chokaa tu."

Janeth, mdogo wa marehemu, alikuwa mkekani na wanawake. Akaficha ndani ya kanga mikono yake iliyochanwa na mkonge.

"Shemeji, nyamaza," akanong'ona. "Watanifukuza."

Yeremia akaingia ndani, akatoka na kisu cha kukatia kabichi. Akalipasua godoro katikati, akashika pande mbili za sponji, akavuta. Ikanyumbuka, haikukatika. Ndani nyuzi fupi nyeupe zilizagaa, zimeng'ang'ania mpira kama mizizi kwenye udongo.

"Mzee! Unaharibu mali!"

"Mali ya nani? Si umenipa?" Akamsogezea usoni. "Chokaa ya wapi hii, inaota nywele?"

Wanawake wakaguna. Oscar akajifuta jasho, akageukia mkekani.

"Janeth, kesho asubuhi uwe mezani. Hutaki, sema. Getini wamejaa wanaotaka kazi."

"Nitakuja, bosi."

Kikohozi kikamkata. Alipotulia akaokota kanga ya marehemu dada yake, akaitia meno kwenye pindo, akachana kipande cha kutosha pua na mdomo.

Yeremia akaachia sponji. Ikarudi ilivyokuwa.

"Oscar!" akaita. Oscar alikuwa ameshaanza kuteremka, hakugeuka. "Kama nyuzi mliacha, hizi alikata nani?"