Mpango wa Wanu

Ukimuuliza Bi Kidawa alianza kuchoka lini, angekwambia ni tangu Mwalimu Darwesh alipofunga mizigo akenda zake Maskati, akamwachia kusomesha hesabu skuli nzima. Huo ulikuwa mwaka wa sitini na nane. Sasa ni sabini na moja, na hajatokea wa kumpokea. Asubuhi anasomesha kidato cha pili, mchana darasa la nne, na katikati anakimbilia foleni ya sukari, na mara nyingi sukari huishia kwa mtu wa mbele yake.

Juu ya yote hayo, kuna Wanu. Ana miaka kumi na tano, yuko kidato cha pili, mtoto wa hamali wa Kikwajuni. Bi Kidawa hajaweka chaki chini, Wanu keshamaliza hesabu zote ubaoni na anatazama dirishani. Hasumbui wala hajisifu. Anatazama tu, na kutazama huko kulikuwa kukimuuma Bi Kidawa kuliko utundu wa darasa zima.

Ndipo akamtengea daftari lake peke yake, akampangia wiki kwa wiki: aljebra mpaka Ramadhani, jiometri baada ya Idi, zote kutoka kitabu alichokiacha Darwesh. Alhamdulillahi, majibu yalikuwa nyuma ya kitabu, maana kuanzia ukurasa wa tisini mwalimu mwenyewe alikuwa mbele ya mwanafunzi kwa ukurasa mmoja tu. Nafasi za kidato cha tatu zilikuwa za kuhesabika, na Bi Kidawa alitaka Wanu apate moja. Akaunakili mpango kwa mwandiko mzuri, aupeleke kwa mkaguzi.

Mstari wa mwisho ulisema: "Kila mchana Wanu awasomeshe darasa la nne, ili akikaze anachokijua." Huo ulikuwa uongo. Wanu hakuwa na cha kukaza. Bi Kidawa alitaka saa moja ya kuvua viatu na kuinyoosha miguu yake, na kwa miezi mitatu aliipata.

Baada ya miezi hiyo, mkaguzi, Bwana Machano, aliusoma mpango ofisini kwake, amesimama. Alifika mwisho, akarudia.

"Watoto wanamfahamu anaposomesha?"

"Wanamfahamu kuliko mimi," alisema Bi Kidawa, kwa fahari, mjinga wa watu.

"Basi huyu keshakuwa mwalimu. Makunduchi hawana hata mmoja wa hesabu. Ataripoti Jumatatu."

"Bwana Machano, mpango huo ni wa kumsomesha yeye!"

"Mwenyewe umeandika anasomesha, bibi." Hakusema kwa ubaya. Naye macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na mezani pake yalilala majina ya skuli kumi na moja zisizo na walimu. Ili kuukana mstari ule, Bi Kidawa angelazimika kusema habari za miguu yake.

Jumatatu Wanu alipita skuli na kibunda cha nguo. Gari la shamba, la kwenda Makunduchi, lilikuwa likimngoja njiani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

Wanu akampa daftari. "Nshamaliza mpaka wiki ya mwisho. Hiyo hesabu ya mwisho kabisa haimo kitabuni, nimeitunga mwenyewe. Nitazamie kama ni sawa."

Bi Kidawa alilishika daftari kwa mikono miwili. "Wanu, mie ndiye niliyekupeleka huko. Ule mstari wa darasa la nne..."

"Nnajua, Bi," Wanu alisema taratibu. "Ulikuwa umechoka."

Akaondoka. Bi Kidawa alikaa na kalamu nyekundu, akaweka alama ya sahihi ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika ile hesabu ya mwisho. Aliisoma mara tatu. Mstari wa kwanza aliufahamu, na wa pili. Wa tatu ulimwacha nyuma, na nyuma ya kitabu hapakuwa na jibu lake. Katika mji mzima hakumjua hata mtu mmoja wa kumuuliza.

Kengele ya mchana ikalia. Akaifunika kalamu bila ya kuweka alama yoyote, akavaa viatu, akenda darasa la nne.

Watoto walisimama, wakatazama mlangoni nyuma yake.

"Mwalimu Wanu yuko wapi?" aliuliza mmoja.

"Kaeni," alisema Bi Kidawa. "Toeni madaftari."