Wanawake Wazito wa Pikapu ya Audax

Pikapu ya Audax ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa imebinua mkia kama kuku anayedonoa, nasi majirani tukacheka mpaka mwenyewe akanuna. Kazi yake ni kubeba mawe ya msingi huku kwetu Goba, ambako mvua ikinyesha barabara inabaki makorongo. Springi zake za nyuma zilikuwa zimelala, tumbo la gari likawa linakwangua chini. Mpya hakuzimudu. Fundi Twalib wa Temeke akamtafutia vyuma vya springi vya lori bovu, akavipanga pamoja na vile vyake, akamfungia na shokapu za mtumba. Kwa mawe gari likawa dume. Likiwa tupu, lilirusha watu. Mie nilipanda mara moja kwenda sokoni, nikamwambia kitanda cha gereza la Segerea kina huruma kuliko kiti chake. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia aangalie mbele.

Kumbe mama yake, Yuliana, alikuwa anazidiwa. Huyu ni mwenzangu tangu tuko wasichana wa kwaya. Saratani iliyoanzia titini ilikuwa imeingia kwenye mifupa, na daktari alitaka apelekwe mjini akapigwe mionzi, walau maumivu yapungue. Kupona hakukutajwa. Bajaji hazipandi mlima wetu, na wenye teksi wakisikia tunakoishi simu inakatika. Ikabaki pikapu. Tukamtandikia godoro nyuma, mie nikakaa kichwani pake.

Safari ile sipendi kuisimulia. Audax aliendesha polepole, lakini kila korongo godoro liliruka na Yuliana akaruka nalo. Alikuwa ameuma kanga ili mwanawe asimsikie. Tulipokaribia bondeni nikasikia mlio kama wa kuni kavu. Mfupa wa paja. Hospitali wakauliza mgonjwa ameanguka wapi. Audax akasema, "Nimemvunja mimi."

Wakamlaza. Audax akaenda kwa Twalib kutaka vile vyuma ving'olewe. Twalib akamweleza kwamba akiving'oa gari halitapanda na mgonjwa hata nusu ya mlima, litakalia tumbo. Ubaya haukuwa kwenye chuma. Chuma kile kimezoea lori, kikikosa mzigo kinapiga teke. Kipewe mzigo, kitainama chenyewe. Audax akarudi akiwa amekata tamaa zaidi, maana atapakia nini pembeni ya mama yake? Mawe? Likibingirika moja ndiyo basi.

Nikamwambia mzigo ninao.

Nikapita nyumba kwa nyumba nikichagua wanawake kwa makalio. Wa kwanza Flaviana muuza chapati. Akataka kujua kwa nini nimeanzia kwake. Nikasema ni kwa sababu ya imani yake. Munira, jirani yangu, mwembamba kama ufito, nilimpita mlangoni kimyakimya. Akanifuata akiwa ameudhika, amekumbatia jiwe lake la kusagia.

"Pamoja na hili nafika?" akauliza.

Nikampima kwa macho, nikamwambia apande.

Yuliana aliporuhusiwa tukaenda kumchukua. Alituona tumejipanga pande zote za godoro, magoti yametukaba kooni, akasema kwa sauti ndogo, "Demetria, umeniletea ng'ombe."

"Ndama," nikamwambia. "Ng'ombe wamebaki nyumbani."

Gari lilizama, likatulia. Makorongo yaleyale likayapita linainama na kuinuka taratibu. Yuliana hakuuma kanga. Tulipofika akashushwa yeye kwanza, maana mmoja wetu akiruka chini mkia wa gari nao unaruka. Hiyo ikawa sheria yetu, na kila alipoitwa kwenye mionzi tulipanda. Flaviana alisema ndiyo mara ya kwanza mwili wake kusifiwa na watu wasio na nia mbaya. Yuliana alicheka, cheko likamuuma, akatukataza kuchekesha. Audax hakucheka. Kila tulipopita pale bondeni alisimamisha gari kwanza, akashika usukani kwa mikono miwili, ndipo akaondoka.

Mionzi ilimpa usingizi kwa muda. Halafu usingizi nao ukaisha. Mara ya mwisho walimlaza, na hakurudi mzima.

Siku ya kumleta nyumbani, jeneza lilipowekwa kwenye pikapu, hatukuulizana. Tukapanda. Gregori, kaka wa marehemu, aliyekuja kutoka Songea na suti yake, akaona aibu ya watu. Akatuambia tushuke, tupande basi dogo lililokodiwa kwa waombolezaji, marehemu asibanwe.

"Hasikii tena," akasema.

Audax alikuwa tayari kwenye usukani. Akatoa kichwa dirishani. "Shikamoo mjomba. Mimi bado nasikia. Waache."

Akaendesha kwa mwendo uleule. Bondeni akasimama. Akakaa. Nyuma yetu basi dogo likapiga honi, halafu likanyamaza. Ndipo akaondoka.

Nyumbani wanaume wakaja kulipokea jeneza, Gregori akatupungia mkono tuwapishe. Hatukutikisika. Wakalishusha kwa kupenya katikati ya magoti yetu, likaingia ndani, nasi bado tumekaa. Kisha tukaanza kushuka, mmoja mmoja, Flaviana wa kwanza kwa kuwa ndiye mzito zaidi, na mkia wa gari ukawa unapanda kidogo kidogo.

Munira alibaki juu peke yake, jiwe mapajani. Nikamwambia imetosha, ashuke. Akaniambia nimpe dakika.